Tiba ya Michezo: Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi za malezi na afya ya akili zinazotumiwa na baadhi ya wafasiri imo "tiba ya michezo", kwa maana ya kumtibu mtoto mwenye dhiki ya moyo kwa kumwacha acheze mbele ya mtaalamu. Tunaona kwamba istilahi hii haifai, nasi tutaeleza sababu zetu.

Kwanza, neno "michezo" katika lugha ya ofisi limekwisha kushikwa na mpira, riadha na ndondi. Afisa akisoma "mtaalamu wa tiba ya michezo" atamdhania kuwa ni yule anayekanda misuli ya wachezaji. Mtoto aliyefiwa, ambaye mwalimu wake ameandika barua ili asaidiwe, aweza kupelekwa pasipomhusu.

Pili, istilahi hiyo haibebi dhana yenyewe. Michezo ina kanuni, mshindi na mshinde. Hapa jambo ni tendo la kucheza. Melanie Klein, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932, aliuchukua uchezaji wa mtoto kuwa sawa na maneno ya mtu mzima anayesema lolote limjialo akilini, akaufasiri. Anna Freud hakukubali. Kwake kucheza kulikuwa zaidi njia ya kujenga imani baina ya mtoto na mtaalamu. Huko London, Margaret Lowenfeld, aliyefungua kliniki yake mwaka 1928, aliwapa watoto sinia la mchanga na sanamu ndogo ndogo za watu, wanyama na nyumba, ili wajenge ulimwengu wao. Wataalamu hawa walihitilafiana, lakini hakuna aliyekuwa akifundisha michezo.

Kwa hiyo tunapendekeza "tiba kwa kucheza". Neno "kwa" laonyesha njia ya kutibia, na "kucheza" lataja tendo. Huenda mtu akapinga kwamba kucheza ni pamoja na kucheza ngoma. Ni kweli, bali tiba ya namna hiyo yaweza kuitwa "tiba kwa ngoma", wala hapatakuwa na mgongano.

Istilahi nyingine inayohitaji kusahihishwa ni "tiba isiyo na maelekezo", itumiwayo kutaja njia aliyoieleza Virginia Axline wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1947. Msomaji atadhani mtaalamu ameketi tu bila kazi. Sivyo. Axline alimtaka amkubali mtoto kama alivyo, atambue hisia zake na kumwonyesha kwamba zimeeleweka, asimharakishe, na aweke mipaka ile tu iliyo ya lazima. Mtoto hutangulia, mtu mzima hufuata. Basi "tiba ya kumfuata mtoto" yaeleza kile kinachofanyika, ambapo ile ya kwanza yataja tu kisichofanyika.

Dhana hii si ngeni kwa walimu wetu. Mtoto achezaye baba na mama uani, akamgombeza mwanasesere wake wa gunzi, mara nyingi husimulia aliyoyaona nyumbani. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nayo yataja kucheza kuwa ni haki ya mtoto. Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wazipime istilahi hizi mbili kazini mwao, na mwenye iliyo bora zaidi asisite kutuletea.