Kitabu cha kuacha pombe, kikisomewa Baraka

Ndugu na dada wa asosiasyo, leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea kitabu.

Kinaitwa Alcoholics Anonymous. Kilitoka Marekani mwaka 1939, miaka 4 baada ya Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kule New York, kukutana na Robert Smith, daktari wa upasuaji wa Akron. Wote wawili walikuwa walevi wa kweli. Nimekisoma kwa Kifaransa juu mwenzangu wa masomo anajaribu kuacha lutuku, na aliniuliza: hii kitu itanisaidia, ao ni mambo ya wazungu tu? Jibu langu: itakusaidia, lakini nusu.

Tuanze na uzuri wake. Kitabu kinamweka mlevi mbele ya mlevi mwingine aliyeacha. Kwetu anapata mahubiri toka kwa watu ambao hawajawahi kuonja, na matusi toka kwa wale wanaokunywa pamoja naye. Hatua 12 zinamuomba kitu cha wazi: ukubali kwamba pombe imekushinda, uorodheshe watu uliowakosea, urekebishe pale inapowezekana bila kuwaumiza tena, kisha ukasaidie mwingine. Kulipa deni la watu, hata Mubembe wa zamani analielewa. Tena haiko ndoto: mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2020 yalikuta njia hii inasaidia watu kukaa bila pombe kabisa, na mara nyingi inapita matibabu mengine ya mazungumzo. Zanzibar walizichukua hatua hizo hizo kwa vijana wa heroini, katika nyumba za soba zilizoanza mwaka 2009, fasi ambako karibu wote ni Waislamu. Kwa hiyo msiniambie dini ao lugha inazuia.

Sasa nusu inayopungua.

Kwanza, kuficha jina. Katika mji mkubwa unaingia mkutanoni na jirani hajui. Baraka, ukipita njia mara mbili, shangazi wa Mwandiga ameisha kujua. Hapa kuficha hakutasimama. Kikundi chetu kitahitaji ahadi nyingine: kwamba yanayosemwa ndani hayatoki, hata kama majina yanajulikana.

Pili, wanawake. Kuna sura nzima inayosema kwa sauti ya bake ya walevi, lakini aliyeiandika ni Bill mwenyewe, hapana Lois mke wake. Inamuomba mwanamke uvumilivu, na uvumilivu tena. Kwetu mama huyo ndiye analima, analipa minervali, na mara nyingine ndiye anapika hiyo lutuku. Kumuomba avumilie tu ni kumubebesha mzigo wa tatu. Mimi ningetaka tumusikie yeye, kwa mdomo wake.

Tatu, na hapa naongea sawa mutu wa agronomia: kitabu kinaona chupa, hakioni shamba. Wasomaji wake wa kwanza walinunua pombe dukani. Kwetu unga wa muhogo na mahindi yaliyooteshwa vinachachushwa, vinachemshwa ndani ya pipa, mvuke unapozwa kwenye bomba, na lutuku inatoka nyuma ya nyumba. Mkulima hafanyi vile kwa ubaya. Barabara ya taifa namba 5 mvua ikinyesha inakuwa tope. Gunia la muhogo ni zito na linaoza, bidoni ya lutuku inabebwa kirahisi na haiozi. Basi mwenzangu anapoacha kunywa, anarudi kulala mita chache toka kwenye pipa ambalo ndilo linalisha watoto. Nguvu ya roho peke yake itashindana na bei ya soko kila asubuhi.

Nne, mwili. Hapa kosa ni letu kuliko la kitabu, juu chenyewe kinakubali kwamba walioharibika sana wapite hospitali kwanza. Mutu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikata ghafla, anaweza kupata degedege katika siku mbili za kwanza. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Sisi tunaona mapepo, tunamfungia kwenye chumba cha maombi bila maji wala chakula. Tena walevi wengi wanakosa vitamini B1, na sahani ya bugali wa muhogo mutupu hairudishi. Muombe, ndiyo, lakini juma la kwanza awe mbele ya muganga.

Kwa hiyo nimemuambia mwenzangu hivi: chukua hatua 12, lakini uzipande katika udongo wetu. Anza kwenye sentre ya afya. Tafuta watu wawili walioacha, mukutane kila jumapili nyuma ya ibada. Hama toka kwenye ile parsele kwa miezi ya kwanza, ndugu bakupe chumba. Na sisi wenye lisansi tuna kazi yetu: kutafutia bamama wa lutuku soko la unga na chikwange lenye faida inayokaribia ile ya pipa. Hiyo haijaandikwa katika kitabu cha Bill, na hakuna mutu wa Akron atakayekuja kutuandikia.

Leo mwenzangu yuko siku ya 19. Ile parsele bado hajahama. Mwenye chumba, aseme.