Jina Kabla ya Hukumu: Mahakama na Umma katika Mabepari wa Venisi na Juliasi Kaizari

1.0 Utangulizi

Mwalimu Julius K. Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za William Shakespeare. Ya kwanza, inayofahamika leo kwa jina la Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1963 na kutolewa upya ikiwa imerekebishwa mwaka 1969. Ya pili, Mabepari wa Venisi, ilichapishwa mwaka huohuo wa 1969. Tafsiri hizi zinaweza kuhakikiwa kwa upande wa umahiri wa lugha, au kwa upande wa siasa ya Ujamaa. Makala haya yanazisoma kwa pamoja kwa swali jingine: zinaonesha nini kuhusu namna mahakama inavyofikia uamuzi wake, na namna umma unavyofikia wa kwake? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika kazi zote mbili jina hutangulia ushahidi, na kwamba msomaji anayefurahia ushindi wa Portia mahakamani bila kuliona jambo hilo anachanganya kushinda kesi na kutenda haki.

2.0 Anwani kama hukumu

Anwani ya Kiingereza inataja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, mdaiwa. Tafsiri ya moja kwa moja ingetupatia "Mfanyabiashara wa Venisi". Nyerere alibadili mambo mawili: umoja ukawa wingi, na mfanyabiashara akawa bepari. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha la 1967, na neno "bepari" halikuwa tena jina la kazi, lilikuwa tuhuma. Hivyo msomaji wa Kiswahili anakutana na uamuzi kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, kama vile msomaji wa gazeti anavyokutana na kichwa cha habari.

Hata hivyo, wingi huo una kazi nyingine. Portia anapoingia mahakamani akiwa amejigeuza mwanasheria, jambo analouliza mapema ni nani kati ya wawili hao ni mfanyabiashara na nani ni Myahudi. Mahakama inahitaji tofauti hiyo ili iendelee. Anwani ya Nyerere inaifuta: mdai na mdaiwa wote ni mabepari. Shylock anatoza riba. Antonio anaishi kwa faida ya merikebu zake. Tuhuma iliyomo katika anwani inawakumba wote wawili, na kwa sababu hiyo inatupa nafasi ya kuitazama mahakama yenyewe kwa jicho la mashaka.

3.0 Mwenendo wa shauri

Kasoro ya kwanza inajitokeza kabla mdai hajaingia. Mtawala wa Venisi, ambaye ndiye anayeongoza shauri, anampa pole Antonio na kumtaja Shylock kama mtu asiye na utu. Mwamuzi ameshatoa maoni yake kabla ya kumsikiliza mmoja wa wahusika.

Kasoro ya pili ni maslahi. Portia ni mke wa Bassanio, ambaye kwa ajili yake mkopo wa dukati 3,000 ulichukuliwa, na ametoa fedha ili deni lilipwe. Anaficha jina, jinsia na uhusiano huo. Kanuni ya haki ya asili inayokataza mtu kuwa mwamuzi katika shauri linalomhusu imevunjwa waziwazi, lakini hadhira inashangilia kwa kuwa inamjua na kumpenda.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi. Shauri lilianza kama madai ya mkataba. Linamalizika kwa mdai kutiwa hatiani kwa jinai. Hakusomewa mashtaka wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Sheria inayotumika dhidi yake inamlenga mgeni anayetafuta uhai wa raia, na adhabu inagusa mali na dini yake pia. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, inayodai mtu asikilizwe kwa ukamilifu na asitendewe kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa, isingeiruhusu hukumu ya namna hiyo kusimama.

Inaweza kupingwa kwamba Portia aliokoa uhai. Ni kweli, na mhakiki hapaswi kumtetea mdai anayenoa kisu mahakamani. Tatizo ni njia. Mkataba wa kukata ratili ya nyama ya mtu ulistahili kutupwa tangu mwanzo kwa kuwa lengo lake ni haramu. Portia anautambua kuwa halali, kisha anaushinda kwa hila ya tone la damu. Ibara ya 107A ya Katiba yetu inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Portia anayatumia masharti hayo kama mtego.

4.0 Umati na lugha ya habari

Katika Juliasi Kaizari hakuna mahakama, kuna jukwaa. Brutus anaeleza sababu za mauaji na umati unamkubali. Mark Antony anafuata, anaonesha maiti na wasia, na umati uleule unageuka. Hakuna shahidi aliyehojiwa. Muda mfupi baadaye mshairi Cinna anakamatwa njiani. Anaeleza kwamba yeye si yule Cinna aliyekula njama, lakini wanamuua: jina limetosha.

Tukio hilo halina ugeni kwa msomaji wa magazeti ya Tanzania. Lugha ya sheria ya Kiswahili ina ngazi zinazoeleweka: mtuhumiwa, mshtakiwa, kisha aliyetiwa hatiani. Kichwa cha habari mara nyingi huziruka zote na kuandika "jambazi". Tena waliomuua mtu kabla hajafikishwa kituoni huitwa "wananchi wenye hasira kali", maneno yanayowapa wauaji sababu na kumnyima marehemu jina lolote isipokuwa lile la kosa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, umma unaweza kuufuata mwenendo wa shauri kwa lugha yake. Faida hiyo itapungua iwapo habari zitaendelea kuziba pengo kati ya kukamatwa na kuhukumiwa.

Vyombo vya habari, hata hivyo, havina sura moja. Mwaka 1958 Nyerere mwenyewe alisimama kizimbani Dar es Salaam kwa kosa la kashfa ya jinai, kutokana na maandishi yake katika Sauti ya TANU yaliyowashutumu maofisa wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, alilipa. Mahakama ilimwita mkosaji, lakini wafuasi wake hawakulipokea jina hilo. Hatudai kwamba kesi hiyo ndiyo iliyozaa tafsiri zake. Inatosha kuonesha kwamba uamuzi wa mahakama na uamuzi wa umma vinaweza kuachana, na kwamba si kila mara umma ndio unaokosea.

5.0 Hitimisho

Zikisomwa pamoja, tafsiri hizi mbili zinakamilishana. Venisi ina utaratibu wa sheria lakini imeshaamua. Roma haina utaratibu na inaamua kila inaposikia sauti mpya. Mwalimu wa fasihi anayefundisha shauri la Shylock kama ushindi wa huruma anapaswa kumwuliza mwanafunzi swali la ziada: je, mdai alisikilizwa? Mwandishi wa habari naye ana wajibu unaofanana na huo, kwa kuwa makosa ya hakimu yana njia ya rufaa, lakini jina likishatangazwa halina mahakama ya juu ya kulitengua.