Zinki chini ya Nyiragongo

Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, bati lina kazi kubwa. Volkano ya Nyiragongo hutoa gesi ya salfa, mvua inaibeba, na maji yanayogonga mabati yanakuwa na tindikali. Chuma kitupu kisingedumu. Kinachokibakiza ni zinki, tena nyembamba kuliko unywele.

Uzamishaji wa chuma katika zinki iliyoyeyuka ulisajiliwa na mvumbuzi Sorel huko Ufaransa mwaka 1837. Siku hizi utepe wa chuma husafishwa hadi ubaki mtupu, kwani doa la mafuta likibaki zinki haishiki, kisha hupita kwenye beseni lenye joto la nyuzi 450 hivi. Ni sekunde chache tu. Ukitoka, hewa kali hupuliza zinki iliyozidi. Katikati ya metali hizo mbili huzaliwa tabaka jembamba linalozishikanisha, ndiyo maana bati hukunjwa migongo bila zinki kubanduka.

Mimi hupenda kuangalia ukingo. Fundi akikata bati kwa mkasi, chuma kinabaki uchi. Akipiga msumari, tundu nalo liko uchi. Rangi ingeshindwa hapo, kutu ingepenya chini yake na kuiinua. Zinki ya jirani hukubali kuliwa kwanza, na umeme mdogo unaopita majini kati yake na chuma hukilinda chuma kwa milimita moja au mbili. Inatosha.

Hewani zinki hujivika utando wa kijivu unaoipunguzia kuliwa. Mvua ya volkano huuyeyusha, zinki huujenga tena, na kila mara yenyewe inapungua. Moto nao haina dawa yake: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na lava iliyoshuka hadi Buhene tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa na joto mara mbili ya hilo na zaidi. Bati lililoungua hivyo laweza kunyooshwa na kuezekwa tena, ila kinga yake imekwisha.



Kwa hiyo dukani usiishie kuuliza geji, maana geji ni unene wa bati. Uliza gramu za zinki: alama Z275 ni gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Chini ya Nyiragongo, lipia gramu hizo kabla ya kulipia rangi.