Seva ya Simu Haipimwi kwa Nguvu

Katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha mjini Mombasa, karibu na Kilindini, nimesikia hivi karibuni sifa zilizonikera hata nikaona kunyamaza kwangu kungekuwa kushiriki katika kosa. Wageni walikuwa wakionyeshwa seva mpya ya simu, iliyowekwa makusudi mahali pa kupokelea watu ili ionekane: ubavu wake ni kioo, feni zake tatu zawaka rangi zinazobadilika, memori yake ni gigabaiti 32, na prosesa yake ni ya aina wanayoitamani vijana wacheza michezo. Kila aliyeingia alitoa pongezi. Lakini karani aliyeketi hatua chache kutoka pale, kipokeo sikioni, alikuwa akimtajia mteja jina la meli kwa mara ya tatu, kwa kuwa kila neno alilolitamka lilimrudia masikioni kabla hajalimaliza. Wala katika jamaa wale wote wenye kusifu hapana hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Basi na tuanze na hesabu. Mazungumzo kumi kwa wakati mmoja ni mengi kwa ofisi ndogo. Kwa kodeki ya G.711 kila mguu wa mazungumzo, yaani njia kati ya seva na msemaji mmoja, hupeleka pakiti 50 kwa sekunde na kupokea nyingine 50, kila moja ikiwa na milisekunde 20 za sauti. Mazungumzo kumi yenye miguu miwili miwili hayazidi pakiti 2,000 kwa sekunde, mzigo ambao kompyuta iliyostaafishwa katika ofisi yoyote yaweza kuuchukua bila taabu. Kazi huwa nzito pale tu unapolazimika kugeuza kodeki, kutoka G.729 kwenda G.711 na kurudi, na ofisi ndogo iliyopangwa vyema haina haja ya kufanya hivyo. Kwa hiyo mtu anayeanza kuihukumu seva ya simu kwa kuuliza gigahezi amekwisha kupotea kabla hajaondoka mlangoni pake.

Jambo ambalo asiye mwenyeji wa kazi hii halitazami kamwe ni jedwali la intarapti, yaani orodha ya vifaa vinavyoibishia prosesa hodi. Kadi ya analogi ya mtindo wa TDM400P, ambayo moduli zake nne huiunganisha seva na waya za simu, hupokea kutoka kwa kila laini sampuli 8,000 kwa sekunde, lakini yenyewe haina ghala ya kuzilimbika. Kila zikitimia sampuli nane, yaani kila milisekunde moja, huibishia prosesa hodi ije kuzichukua na kuacha nane nyingine za kutoka. Hodi hizo ni 1,000 kwa sekunde, usiku na mchana, hata ofisi ikiwa imefungwa na hakuna anayepiga simu. Ikiwa laini ile ile ya intarapti imegawiwa pia diski, au kadi ya picha, au bandari ya USB, na prosesa ikakawia kwa mwenzake kwa muda uzidio kidogo milisekunde ile, basi sampuli zile nane hupotea, wala hapana programu iwezayo kuzirejesha. Msemaji husikia mlio mdogo kama wa punje ya mchele iangukayo juu ya bati, naye huudharau. Faksi haiudharau: hukatika katikati ya ukurasa. Nayo programu ya kuzima mwangwi, ambayo imejifunza kwa usahihi mkubwa ni baada ya sampuli ngapi sauti ya msemaji hurudi kutoka kwenye laini, hukuta hesabu yake imeruka, ikapoteza ilichojifunza na kuanza upya. Na kabla haijatulia, sampuli nyingine zimekwisha kupotea. Huo ndio mwangwi wa yule karani. Haukusababishwa na uchache wa nguvu, wala hauondoki kwa kuongeza memori.

Fundi wa kweli, kabla ya kusema neno, hufungua /proc/interrupts, huutafuta mstari wa kadi yake, kisha huyahesabu majina yaliyo mwishoni mwa mstari ule. Likiwa jina ni moja, huendelea. Yakiwa mawili, huzima mashine, huihamishia kadi kwenye nafasi nyingine ya PCI, huingia katika BIOS akafunga sauti, bandari za serial na kila kisichohitajiwa, huwasha, hutazama tena. Akiisha ridhika huendesha dahdi_test, programu ipimayo usahihi wa mapigo ya kadi, kwa muda wa kutosha kunywa chai, na namba ikiteremka chini ya asilimia 99.98 haiachi mashine ile itoke karakanani. Ubao mama ambao haukubali kuipa kadi ya simu laini yake peke yake ni ubao mbaya, hata ukiwa na jina kubwa na bei kubwa kuliko jina lake.

Namkumbuka mzee mmoja wa Dar es Salaam, aliyejifunza kazi katika chumba cha mitambo wakati Posta na Simu za Afrika Mashariki zilikuwa bado shirika moja, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika mwaka 1977. Aliitwa kuipokea seva kwa niaba ya mnunuzi. Hakuitazama. Aliomba faili kubwa linakiliwe kutoka diski moja hadi nyingine, akamwambia kijana ahesabu kwa simu kutoka moja hadi mia, naye akafumba macho na kusikiliza. Kijana alipopita sitini, mzee alifumbua macho akasema kuwa kuna silabi imeliwa. Muuzaji akashindana naye kwa heshima, akisema, "Mzee, mashine hii ni mpya, imefunguliwa katoni leo asubuhi." Mzee akamjibu, "Mwanangu, upya wake sikuuliza." Jedwali lilipofunguliwa, kadi na diski zilikuwa katika mstari mmoja.

Asili ya tabia hii ya kadi, ya kuibishia prosesa hodi kila milisekunde, si uzembe, ni mapatano. Jim Dixon wa Marekani aliona kwamba prosesa za kompyuta za kawaida zimekwisha kupata uwezo wa kufanya kwa programu yale yaliyokuwa yakifanywa na chipu za thamani kubwa juu ya kadi za simu. Akaunda kadi iitwayo Tormenta, na mradi wake akauita Zapata. Mark Spencer, kijana wa Alabama aliyehitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake ndogo na asiwe na fedha za kuununua, alianza kuandika programu ya mtambo wa simu iitwayo Asterisk mwaka 1999, na vitu hivyo viwili vilipokutana ofisi ndogo za dunia zikapata mtambo wa simu kwa bei ya kompyuta. Ila kadi iliyoondolewa akili ili iwe rahisi huitegemea mashine kwa kila milisekunde ya maisha yake, na anayeufaidi urahisi akaukana wajibu wake anajidhulumu.

Walaghai nao walipata soko. Kadi za X100P asili yake zilikuwa modemu za intaneti, na mara wafanya biashara walipolitambua hilo wakakusanya modemu za chipu za Ambient na Motorola, wakazibandika jina, wakaziuza kuwa kadi za FXO, yaani za kupokea laini ya nje. Kizuizi cha umeme (impedansi) cha nyingi kati ya kadi hizo kimefungwa kwenye omu 600, hakibadiliki kwa mpangilio wa opermode wala kwa dua. Laini isiyolingana nacho hurudisha mwangwi tangu simu inapopokewa. David Rowe wa Australia aliwatendea wema mkubwa wenye kadi za namna hiyo kwa kuandika OSLEC, programu ya bure ya kuzima mwangwi, nami naiheshimu kazi yake. Lakini dawa njema si sababu ya kununua maradhi. Kadi ambayo moduli zake hazichomoki usiinunue.

Atasema mtu kuwa leo laini huja kwa SIP, yaani kupitia mtandao wa data, na maneno yangu yamepitwa na wakati. Kwa ofisi isiyo na waya wa shaba ukutani, ni kweli kwa nusu: hapo tazama kadi ya mtandao, nayo iwe ya Intel. Lakini kuiweka seva ya simu ndani ya mashine pepe, pamoja na mafaili na hesabu za ofisi, sikubali, hata ikitenda vizuri.

Kuhusu sanduku, yatosha kusema liwe la chuma, jeusi, lisilo na kioo wala taa za rangi, lenye feni moja kubwa izungukayo taratibu. Kila feni ya ziada huvuta vumbi na chumvi ya bahari, na chumvi hula miguu ya kadi. Memori ya gigabaiti nne yatosha. Inayozidi hapo ni israfu.

Umeme unastahili maneno zaidi. Vituo vya simu vya zamani, vile vya swichi zilizotokana na uvumbuzi wa Strowger uliopewa hataza mwaka 1891, havikuendeshwa na umeme wa mji; viliendeshwa na betri za volti 48, na kazi ya umeme wa mji ilikuwa kuzichaji betri tu, hata mji mzima ukizama gizani simu ikaendelea kulia. Aliyewahi kuingia katika chumba kama hicho, akasikia maelfu ya vidole vya chuma vikipanda na kuzunguka, na akaona jinsi sakafu ilivyosuguliwa kwa adabu, hawezi kuvumilia kuiona seva imechomekwa pamoja na birika la chai katika kigawio kimoja. Pawasaplai iwe ya uzito unaosikika mkononi. Kapasita za ubao zitazamwe vichwa: kilichovimba kimekufa, ijapokuwa mashine bado yawaka. Kila laini ya shaba ipitie kizuia radi chenye waya wake wa ardhi, maana masika moja yatosha kuunguza moduli zote nne.

Na ikiwa kadi ina moduli za FXS, yaani za kuendesha simu za ndani, tafuta plagi ya pini nne iletayo volti 12 kutoka kwenye pawasaplai. Simu haziwezi kulia kwa umeme wa PCI peke yake, na pawasaplai nyingi za siku hizi zinauzwa bila plagi hiyo. Kisha, kabla hujatoa fedha, mwambie fundi atume faksi ya kurasa kumi kwa laini ya shaba huku diski ikinakili faili kubwa. Zikifika zote, mlipe siku ile ile. Zikikatika, mwambie alifungue jedwali mbele yako, mhesabu majina pamoja.