Sifa za Kikuba

Wataalamu wa busu wamezoea kuanzia midomoni, na wana sababu. Ngozi ya mdomo ni nyembamba na imejaa miisho ya neva. Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa Montreal, alikuwa akigusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme kidogo, nao wakiwa macho, wakamweleza wanahisi wapi. Katika mchoro uliotokana na kazi hiyo, midomo imepewa nafasi kubwa kuliko kiwiliwili. Sawa. Lakini midomo tunayo sote. Kwa nini busu la huyu likuzuie usingizi, na la yule ulisahau kabla hujafika mlangoni? Hapo mimi huwaacha madaktari, nikamtazama mwanamke wa Mombasa anayefunga vikuba.

Kazi yake inataka saa yake. Asumini huchumwa alasiri, ingali matumba, kwa kuwa ni ua la usiku: likishachanulia mtini, harufu imekwenda na upepo. Huyashika matumba kwa ncha za vidole, maana petali ikibonyezwa tu hugeuka kahawia, na doa hilo halifichiki. Hutunga kwa sindano na uzi, akapanga na mrehani, waridi na vipande vya mkadi, tabaka juu ya tabaka, kisha akakaza uzi kwa kiasi: ukilegea kinamwagika, ukikazwa sana majani yanapondeka. Kinachopatikana kinaenea kiganjani. Hubanwa kifuani au kuchomekwa nyweleni, na joto la mwili ndilo linalokifungua taratibu.

Mkemia ana siri moja ya kutuchekesha hapa. Ndani ya manukato ya asumini mna indoli, ambayo imo pia kwenye kinyesi. Ikizidi, inanuka. Ikiwa chembe tu, ndiyo inayolipa ua ule uzito wa kimwilimwili ambao limau halitaupata kamwe.

Na pua ina njia ya mkato. Habari za macho na masikio hupitia kwanza thalamasi, lakini za harufu hufika amigdala, penye mihemko, bila kupiga hodi huko. Mwaka 1995, Claus Wedekind na wenzake kule Uswisi waliwanusisha wanawake fulana ambazo wanaume walikuwa wamelala nazo siku mbili. Kwa jumla walipendelea harufu za wenye jeni za kinga tofauti na zao. Waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango wakaelekea kinyume. Matokeo hayo yanabishaniwa hadi leo. Hata hivyo, hoja ya pua haisimami juu ya utafiti huo pekee: William Jankowiak na wenzake walipopitia tamaduni 168 mwaka 2015, walikuta busu la mapenzi la mdomo kwa mdomo katika chini ya nusu yake. Wainuiti, kwa mfano, wana desturi ya kuweka pua shavuni mwa mpendwa na kuvuta pumzi. Nani atawaambia hilo si busu?

Mtu atasema: kama siri ni harufu ya mwili, si kikuba kinaifunika? Hapana. Mwaka 2012 watafiti wa Jamhuri ya Cheki walionyesha kwamba harufu ya mtu ikichanganyika na manukato aliyojichagulia mwenyewe hupendeza kuliko ikichanganyika na ya kupangiwa. Mwenye vikuba hakuhitaji maabara. Mteja husema mrehani uzidi, mkadi upungue, naye hufunga hivyo.

Ninachokisifu hasa ni kipimo chake cha umbali. Marashi mengi ya chupa hukutangulia sebuleni na kubaki kwenye lifti ukishatoka. Kikuba hakina makelele hayo. Huzungumza na aliyeruhusiwa kusogea tu. Kisha watu walewale wanaolipia chupa bila kuuliza bei humsimamisha mama huyu juani, wakimbembeleza awapunguzie shilingi kumi.