Kilo 119 za nani? Kupima chakula kinachotupwa mahali pasipo na pipa la taka

Mwaka 2021 UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lilitoa ripoti iliyomhesabia kila Mtanzania kilo 119 za chakula kinachotupwa nyumbani kwa mwaka. Mkenya aliandikiwa kilo 99, Mnyarwanda 164, na wastani wa dunia ukawa 74. Kilo 119 ni kama gramu 326 kwa siku. Kwa kaya ya watu 4.3, wastani uliotolewa na sensa ya 2022, hiyo ni kilo 1.4 kila siku inayokwenda na maji. Mpelekee mama wa Ipyana, wilayani Kyela, hesabu hiyo naye atakuuliza: chakula gani hicho, na nimekitupa wapi?

Amegusa penyewe. Jibu la maswali hayo mawili ndilo linaloamua namba itasomekaje, kabla hata mzani haujatolewa kwenye boksi.

Tuanze na namba yenyewe ilivyopatikana. Msingi wake ni utafiti wa taka za majumbani uliofanyika Kinondoni, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2013. Utafiti wa aina hiyo kwa kawaida huenda hivi: kaya huchaguliwa kutoka mitaa ya vipato tofauti, hugawiwa mifuko, na taka hukusanywa kila siku. Kisha mifuko humwagwa juu ya turubai, watu wenye glavu wakatenga plastiki, karatasi, vioo na mabaki ya jikoni, na kila fungu likapimwa peke yake. Mwongozo wa UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wa mwaka 2021, uliotungwa kwa ajili ya miji, unataka kaya 90 kwa siku nane, na taka za siku ya kwanza zisihesabiwe kwa kuwa huenda ni malimbikizo ya siku za nyuma.

UNEP walichukua kiwango cha mtu mmoja, wakakizidisha kwa idadi ya Watanzania wa mwaka 2019, takriban milioni 58, ikatoka karibu tani milioni 6.9. Wenyewe hawakujigamba: uhakika wa makadirio hayo waliuweka daraja la kati. Ila namba ikishatoka kwenye jedwali na kuingia kwenye hotuba, daraja la uhakika hubaki nyuma.

Njia ya turubai ina sifa moja kubwa: haimwulizi mtu chochote. Njia nyingine, ya kuipa kaya daftari iandike kila inachomwaga, hutegemea kumbukumbu na haya. Huko Uingereza, nyumba zilezile zilipopimwa kwa njia zote mbili, daftari lilionyesha pungufu, mara nyingine kwa asilimia 40. Hata hivyo turubai nalo lina upofu wake. Linaona kilichoingia kwenye mfuko tu.

Sasa tushuke Ipyana, kwenye uwanda wa mpunga, ndizi, kakao na michikichi upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Nyumba ya kijijini haisubiri gari la taka. Wali uliobaki usiku ni kiporo cha asubuhi na chai. Ukoko una wateja wake, nao ni watoto. Maganda na maji ya kuoshea vyombo vyenye punje huenda kwa nguruwe, makombo kwa kuku, bata na mbwa. Kinachosalia hutupwa chini ya migomba. Mtafiti akigawa mifuko hapo na kurudi kesho, atapata mfuko mtupu aandike sifuri, au atapata mfuko uliojazwa vitu ambavyo siku nyingine vingekwenda bandani. Namba zote mbili zitakuwa za uongo.

Tazama chungu cha ndizi peke yake. Ganda la ndizi mbichi ya kupika huchukua theluthi moja ya uzito wake, mara nyingi zaidi kidogo. Kaya ikimenya kilo nne za ndizi kwa mlo wa mchana, inabaki na kilo 1.4 hivi za maganda, yaani ile ile hesabu ya kilo 119 imetimia kabla chungu hakijainjikwa. Hakuna tonge lililotupwa. Ni kwa sababu fasili ya UNEP hujumlisha chakula pamoja na sehemu zake zisizoliwa: maganda, mifupa, kokwa.

Na si hilo tu. Kwa fasili hiyo hiyo, kinacholishwa mifugo hakihesabiwi kuwa kimetupwa, lakini kinachogeuzwa mboji au kumwagwa shambani kinahesabiwa. Kwa hiyo ganda la asubuhi lililoliwa na nguruwe limefutwa kwenye hesabu, na ganda la jioni lililotupwa chini ya mgomba limeingia, ingawa yote mawili yametoka kwenye mkungu mmoja. Kaya iliyouza nguruwe wake mwezi uliopita itaonekana imeanza kufuja chakula.

Samaki nao wana somo lao. Usipa mkavu huliwa kichwa hadi mkia, haachi kitu cha kupima. Mbasa huacha mifupa na kichwa, na kuna nyumba ambako kichwa ndicho kinachogombewa. Kipi kinaliwa na kipi hakiliwi ni jambo la kumwuliza mpishi, si la kusoma kwenye fomu iliyoandaliwa kwingine.

Mtego mwingine ni maji. Kilo moja ya mchele ikiiva hutoa wali wa kilo mbili na nusu hivi. Ukipima nusu kilo ya wali uliochacha na kuiandika ilivyo, umezidisha hasara zaidi ya mara mbili. Uzito lazima urudishwe kwenye mchele mkavu. Na mchele ulioliwa na panya ghalani una kitabu chake: hasara za kuanzia shambani hadi ghalani zinafuatwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa kipimo tofauti, UNEP wanaanzia dukani, mgahawani na jikoni. Mjini mipaka hiyo inajionyesha. Ipyana ghala na jiko viko chini ya paa moja, hivyo mpimaji asipokuwa na madaftari mawili atachanganya.

Ripoti ya UNEP ya 2024, iliyokadiria wastani wa dunia kuwa kilo 79 majumbani, imeligusa jambo hili: katika nchi za kipato cha kati, vijijini hutupwa kidogo kuliko mijini, na sababu mojawapo inayotajwa ni mifugo na mboji.

Basi Kyela ipimwe vipi? Kwa kukifuata chungu badala ya taka. Pima kabla ya kumenya, pima maganda, pima kilichopakuliwa, pima kilichorudi, halafu andika kila fungu limeishia wapi: tumboni, bandani, shambani au shimoni. Mzani uwe wa jikoni, unaosoma gramu. Ule wa kuning'iniza anaotumia mnunuzi wa kakao hautaliona konzi la wali. Kazi irudiwe msimu wa maembe mwishoni mwa mwaka, wakati wa masika, na baada ya mavuno ya mpunga, kwa sababu wiki moja ya maembe ina kokwa na maganda ya kuharibu wastani wa mwaka mzima. Siku mbili za mwanzo zisihesabiwe: mpimaji ni mgeni, na kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, mgeni hupikiwa.

Matokeo yatolewe kwa safu mbili zisizojumlishwa, kilichokuwa kinalika na kisicholika. Lengo la dunia ni kupunguza kwa nusu chakula kinachotupwa madukani na majumbani ifikapo 2030, na ganda la ndizi haliwezi kupunguzwa kwa nusu hata kwa amri ya mkuu wa wilaya. Halmashauri ikikopa kilo 119 za Kinondoni itanunua mapipa. Ikipima vyungu vya Ipyana, itajua kwanza kama kuna kitu cha kuokoa, na kama kipo kwenye sahani, kwenye ghala au kwenye kiporo kilichochacha kwa joto.