Samli, Gunzi na Chupa ya Soda

Chupa tupu ya soda, ile ya kioo, inasukuma chapati vizuri mradi uijaze maji kwanza na mdomo uuzibe kwa gunzi. Ikiwa tupu inarukaruka juu ya donge, inabidi mkono ukandamize, na chapati inatoka nene katikati, pembeni karatasi. Ikijaa, uzito wake ndio unaosukuma; viganja vinaelekeza tu. Mama aliyenionyesha hilo anao mti wa kusukumia, mzuri kabisa, uliochongwa na fundi wa Karatu. Siku hiyo ulikuwa umeazimwa na jirani, na hakuona sababu ya kuufuata.

Anaishi Oloipiri, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kwenye nyanda ambazo sehemu kubwa inakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukitokea Karatu unaingia geti la Lodoare, unapanda hadi ukingo wa kreta, unashuka kwenye mbuga za nyasi upande wa Serengeti, kisha unakata kaskazini. Ukitokea Mto wa Mbu unafuata Engaruka na Ziwa Natron mpaka uukwee mlima wa Sonjo. Njia yoyote utakayoshika, utafika na vumbi kwenye kope. Unga wa ngano, mafuta ya kupikia na vipakiti vya masala vinasafiri kwa njia hizohizo, na mvua zikikaza vinachelewa. Mpishi wa huku anajifunza mapema kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani sufuriani, maana akishaijua kazi anaweza kutafuta kingine cha kuifanya.

Tazama samli. Mafuta ya dukani yalikuwa yamebaki kidogo chini ya kidumu, naye akaenda kuchukua kopo la samli aliyoisukasuka mwenyewe kwenye kibuyu. Vibuyu vya maziwa vya Kimasai husafishwa kwa kijinga cha mti, aghalabu oloirien, yaani mzeituni mwitu: kinapitishwa ndani mpaka ukuta mzima upate rangi ya masizi, halafu unga wa mkaa unapanguswa. Maziwa yanayokaa humo hayaharibiki haraka, na yanabeba harufu ya moshi ambayo mgeni huipenda mara moja au asiipende kamwe. Siagi inayotoka kwenye maziwa hayo inachemshwa taratibu mpaka maji yake yaishe na machicha yazame, ndipo inachujwa. Hapo ndipo kazi yake inapoonekana. Siagi mbichi ikiwekwa kwenye chuma cha moto inaungua upesi, kwa sababu machicha ya maziwa ndiyo yanayoungua. Samli iliyochujwa vizuri inavumilia moto mkali zaidi bila kuwa chungu. Wahindi walilijua hili tangu zamani, na Wamasai walilijua kwa ng'ombe wao wenyewe. Hapa Oloipiri ujuzi wa pande zote mbili ulikuwa unaelea kwenye bakuli moja la unga.

“Takwenya, yeyo,” nilikuwa nimemwamkia mlangoni. “Iko,” akaitikia, kisha bila kupoteza muda, “Nawa mikono, ukae hapo usizuie mwanga.” Nikakaa.

Alianza kwa kusugua samli ndani ya unga mkavu kwa ncha za vidole, mpaka unga ukawa kama mchanga uliolowa umande. Maji ya vuguvugu yenye chumvi yakafuata kidogokidogo. Wengi wetu tunamimina maji yote, halafu tunakimbilia kuongeza unga, kisha maji, kisha unga, na mwisho tunapata chapati za kulisha kijiji. Yeye alishika bakuli kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukawa unakusanya. Donge lilipoacha kunata ukutani akalihamishia kwenye kibao, akalikanda kwa kisigino cha kiganja: sukuma, kunja, zungusha robo, sukuma tena. Hakuhesabu dakika. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akatazama shimo likirudi juu polepole, akaridhika. Shimo lisiporudi kabisa unga bado mlegevu. Likirudi kwa kishindo, utando ule unaojengeka ngano inapokutana na maji umekaza mno, na ukilazimisha kusukuma chapati itajikunja irudi ilikotoka. Dawa yake ni kuuacha upumzike. Alilifunika donge kwa sufuria iliyogeuzwa, akaenda kukamua mbuzi.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoihusudu. Kila donge dogo lilisukumwa likawa duara jembamba, likapakwa samli kwa mgongo wa kijiko, likanyunyiziwa chembe za unga, likakunjwa mikunjo myembamba kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka likawa mkanda. Mkanda ukavutwa kidogo, ukaviringishwa kama konokono, mkia ukafichwa chini. Ule unga alioupitisha juu ya samli nilidhani ni mazoea tu. Kumbe ndio unaozuia matabaka yasishikane upya wakati wa kusukumwa mara ya pili. Samli peke yake ikikandamizwa inakimbilia kando. Yenye unga inabaki mahali pake, na chapati ikiingia motoni maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unatafuta upenyo, na upenyo pekee ni pale matabaka yalipotenganishwa.

Chuma kilikuwa juu ya mafiga. Alirusha unga kidogo juu yake; ukageuka kahawia papo hapo, akavuta kijinga kimoja nje, akasubiri, akarusha tena. Chapati ikawekwa kavu. Upande wa kwanza ukabadilika rangi tu, ikageuzwa. Wa pili ukaachwa mpaka utoe mabaka. Ndipo samli ikapita pembeni, kijiko kimoja, na chapati ikawa inazungushwa kwa kitambaa kilichokunjwa ili moto ufike kila ukingo. Ukianza na mafuta, unga mbichi unayanywa na chapati inakuwa nzito tumboni. Ukianza kavu, uso unajifunga kwanza, mafuta yanabaki nje kufanya kazi ya kukaanga. Ikitoka inapigwa kati ya viganja viwili, mara mbili tatu, pah, pah, matabaka yakafunguka. Halafu inafunikwa pamoja na wenzake, zilainishane kwa mvuke wao.

Chapati imekuwa ya kwetu kiasi kwamba hakuna anayeiita chakula cha kigeni. Reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao na maelfu wakabaki. Lakini bara ilifikiwa zaidi na wenye maduka kuliko wajenzi wa reli, na kabla ya wote pwani ilikuwa imeshapika na watu wa Gujarat kwa karne kadhaa. Maduka ya Kihindi yalifika miji midogo mingi ya Tanganyika, yakiuza unga, chai, sukari na binzari. Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971 familia nyingi za Kiasia ziliondoka, na rafu za masala zikabaki zikiendeshwa na wenyeji. Leo boma ambalo halijawahi kukanyagwa na Mhindi litakukaribisha chai ya maziwa yenye tangawizi, iliyochemshwa maziwa, majani na sukari vyote pamoja, kama inavyochemshwa Ahmedabad. Tofauti ni ule moshi wa oloirien. Nimekunywa chai ya maziwa kwenye hoteli zenye nyota za kutosha, na bado naikumbuka ile.

Jioni ikawa zamu ya mbuzi na wali. Alikusudia biriani, kwa sababu binti yake aliila Arusha na akaisimulia vizuri. Mtindi wa dukani haupo, akatumia maziwa ya mgando ya kibuyuni. Nyanya zilikuwa mbili, zimechoka. Vitunguu vilikuwepo vya kutosha, vyekundu, vya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, na hapo ndipo alipoweka subira yake yote. Alivikata vyembamba, akavikaanga kwa moto wa wastani akivigeuza bila kuondoka, vikapita rangi ya dhahabu, vikawa kahawia, vikakaribia kuungua, akaviopoa sekunde chache kabla. Nusu aliviweka pembeni vikauke viwe vya kunyunyizia. Nusu nyingine akavisaga kwa mawe. Mpishi wa biriani yeyote, awe Hyderabad au Unguja, atakuambia rangi na utamu wa mchuzi vinatoka kwenye kitunguu hicho. Binzari inatia harufu tu, na wanaorundika binzari mara nyingi wanaficha kitunguu kilichokaangwa kwa haraka.

Maziwa ya mgando yana hila yake. Ukiyatia kwenye sufuria inayochemka yanakatika, unapata vipande vyeupe vinavyoelea kwenye maji. Aliyakoroga kwanza na kijiko cha unga wa ngano, akayaingiza kidogokidogo huku mwiko ukizunguka upande mmoja. Gujarat wanapika kadhi, mchuzi wao wa maziwa ya mgando, kwa hila hiyohiyo, wakitumia unga wa dengu. Nilimuuliza alifundishwa na nani. “Uji ukikatika si unautia unga?” akasema, akaendelea kukoroga. Uchachu wa maziwa yale ukawa unalainisha nyama ya mbuzi mzee ambaye, kwa haki kabisa, hakuwa na haraka ya kulainika.

Mchele nao una matatizo yake kwenye miinuko. Karibu na mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100, kwa hiyo wali unaochemshwa kwa kipimo cha Dar es Salaam unabaki na kiini. Kuongeza maji kunaleta bokoboko. Yeye alichemsha mchele nusu, akaumwaga kwenye chujio, akaupanga juu ya nyama, kitunguu kikavu katikati, samli kijiko kimoja juu, kisha akafunga mfuniko kwa mkanda wa unga uliobaki wa chapati. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia, na kila mwanamke wa pwani anakujua. Wapishi wa Lucknow nao huziba mdomo wa chungu kwa unga na kuweka makaa juu ya kifuniko. Wanaita dum, na wameijengea sifa ya kifalme. Sababu ni ileile: mvuke ukizuiwa, joto linaingia mchele kutoka kila upande, na chini hakuungui. Kupalia kunahitaji kutofunua. Hilo ndilo gumu kwa watu, maana pua inaanza kudai mapema. Yeye aliweka sikio karibu na sufuria. Ikilia chini kwa mlio mkavu, alisema, makaa yapunguzwe.

Binti ndiye aliyeleta habari za Khan's, na ukila pale unaelewa kwa nini mama yake aliusikiliza ule usimulizi kwa makini. Kwa miaka mingi Khan's ya Arusha, kwenye mtaa wa Mosque, mchana imekuwa duka la vipuri vya magari. Jioni majiko yanatolewa nje, mkaa unawashwa, meza zinapangwa, na kuku, mishkaki na naan vinaanza kutoka. Watu wa mzaha walipabatiza mahali pa kuku wa kwenye boneti. Mgeni anaweza kudhani ni mbwembwe za kuvutia watalii. Lakini msimamie mchoma mishkaki kwa robo saa. Mkono mmoja unapepea makaa, mwingine unageuza vijiti kwa mpangilio, vya mwisho kuwekwa vikisogezwa pale moto ulipo mkali, vya kwanza vikirudishwa pembeni vipumzike. Anajua kila sehemu ya jiko lake ina joto gani bila kulipima. Kuku wa pale anamshinda yeyote niliyemla Oloipiri, nalisema bila aibu. Chapati sitabadilishana.

Mabadilishano haya yamekwenda pande zote mbili, jambo linalosahaulika tukiwaza kwamba masala yalikuja tu. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972, zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, na masanduku yao hayakuwa na nafasi ya vyungu. Waliingia majiko ya Leicester na London wakitafuta muhogo na nazi. Leo migahawa ya Kihindi ya Wembley inauza mogo, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na kuku paka wa nazi ambaye India kwenyewe wengi hawamjui. Mama wa Kigujarati wa Kampala, amesimama kwenye baridi ya Leicester akiwaza nini kishike nafasi ya nazi mbichi, alikuwa anapiga hesabu ileile ya Oloipiri.

Biriani ilifunuliwa gizani, kwa tochi ya simu. Punje zilikuwa zimesimama mojamoja, mbuzi amekubali hatimaye. Tulipokuwa tunakula binti alieleza jinsi naan inavyookwa: unga unabandikwa ukutani ndani ya tanuri la udongo, unaiva ukiwa umening'inia, unabanduliwa kwa chuma kirefu. Mama yake aliacha kutafuna. Hakuuliza habari za ladha. Alitaka kujua ukuta ni mnene kiasi gani, mkate unashikwaje usidondoke kwenye makaa, na udongo umechanganywa na nini usipasuke kwa moto. Binti hakujua, alikuwa ameangalia sahani. Basi wakaanza kubishana kama udongo wa kichuguu utafaa, na kama utiwe samadi au majani makavu, na mama akasema wa kichuguu kile cha njia ya kisimani ni mzuri, hauna mchanga mwingi, kesho mtoto apeleke jembe.